Meno ya Plastiki: Historia ya Somo Tulilolifundisha Vibaya

Nilikuwa na umri wa miaka 31 nilipoulizwa kwa mara ya kwanza iko wapi chonge yangu ya chini, upande wa kushoto. Aliyeniuliza alikuwa daktari wa meno, nami nilikuwa nimekwenda kwake kwa sababu ya gego lililoninyima usingizi. Nilimjibu kwamba jino hilo halikuwahi kuota. Alitikisa kichwa, akanionyesha kwa kioo kidogo jinsi jino la jirani lilivyoota likiwa na kovu na rangi ya kahawia, kisha akasema kwa upole: "Nenda kamuulize mama."

Nilipokwenda nyumbani Kagera wakati wa likizo, nilimuuliza. Mama alinyamaza kwa muda mrefu kuliko swali lenyewe lilivyostahili, kisha akanisimulia. Nilikuwa na miezi minane. Nilikuwa nikiharisha na kutapika kwa siku ya nne, na nilikuwa nimekataa ziwa. Alinipeleka zahanati kwa miguu, mwendo wa saa mbili, na huko akakaripiwa kwa kuchelewa. Dawa hazikuwapo, akaambiwa arudi kesho. Njiani alikutana na mwanamke aliyenifumbua kinywa, akapapasa ufizi na kumwambia kwamba nina meno ya plastiki na kwamba yasipotolewa nitakufa. Jioni ile ile mganga aliyachimba kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. "Alinionyesha," mama alisema, akafungua kiganja chake kana kwamba kitu kile kingalimo. "Kilikuwa cheupe, laini, si jino hata kidogo. Na wewe kesho yake ulinyonya."

Nimeifikiria kauli hiyo kwa miaka mingi, kwanza kama mtoto wake, baadaye kama mwalimu wa historia. Ndani yake mna karibu kila kitu tunachohitaji kukifahamu kuhusu elimu ya mgonjwa, na kuhusu namna dola na wataalamu wake walivyoshindwa kuitoa.

Tuanze na kile ambacho mama alikiona. Jino la utotoni huumbika ndani ya taya miezi mingi kabla ya kuchomoza. Chonge za utotoni kwa kawaida hutokeza baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa, lakini muda mrefu kabla ya hapo huonekana kama uvimbe mdogo mweupe kwenye ufizi, hasa wa chini. Anayeuchimba ufizi wakati huo hapati jino gumu, kwa kuwa bado halijakomaa. Anapata kitu laini, cheupe, kinachobonyea. Ndiyo maana kikaitwa plastiki, na mahali pengine nailoni. Umri ambao uvimbe huo huonekana ni umri ule ule ambao mtoto huanza kupewa uji na maji, hutambaa na kutia mkononi na kinywani kila anachokikuta, na kinga aliyoirithi kwa mama yake huwa imepungua. Kwa hiyo anaugua. Kuhara na homa hufika mlangoni pamoja na jino, na mwenye macho anaona viwili hivyo vimeongozana.

Mganga, basi, alikuwa na hoja tatu. Kwanza, alitaja ugonjwa kwa jina na kueleza ulikotoka. Pili, aliweka ushahidi kiganjani mwa mama. Tatu, mtoto mara nyingi alipona, kwa sababu kuhara kwingi kwa watoto hukoma kwenyewe baada ya siku chache, na mama aliyefika kwa mganga siku ya nne au ya tano alikuwa amekaribia mwisho wa ugonjwa. Waliokufa walisemekana kuwa wameletwa kwa kuchelewa. Zahanati kwa upande wake ilikuwa na hoja moja tu, nayo ilikuwa karipio.

Sisemi haya kumtetea mganga. Madhara ya kitendo chenyewe yanajulikana: kuvuja damu kwa mtoto ambaye tayari amedhoofika, vidonda kuoza, pepopunda, maambukizi yanayopita kwenye chombo kimoja kinachotumika kwa watoto wengi, na meno ya kudumu kuharibika kabla hayajaota. Hayo yote hufanyika bila ganzi. Hatari kubwa zaidi, na ndiyo isiyoonekana, ni kwamba mtoto mwenye malaria, nimonia au upungufu wa maji mwilini hukaa nyumbani akisubiri kidonda cha ufizi kipone, huku ugonjwa wenyewe ukiendelea na kazi yake. Kumbuka pia, ndugu msomaji, kwamba wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata mkoa huo ulikuwa na watoto waliokonda na kuharisha bila kukoma, wazazi wasiokuwa na maelezo, na spoku zilizopita kinywa hadi kinywa. Sihitaji kuongeza chumvi.

Wataalamu waliliona jambo hili mapema. Mwanapatholojia wa kinywa kutoka Denmark, J. J. Pindborg, aliandika mwaka 1969 kuhusu uharibifu wa meno kwa watoto wa Uganda, ambako watu wengi huyaita ebiino. Mwaka 1983 H. J. Mosha alichapisha makala kuhusu hali hiyo Tanzania. Mwanaanthropolojia Brad Weiss aliwafuata Wahaya wenyewe, akasikiliza wanavyosema, na mwaka 1992 akaandika kwamba meno ya plastiki yaliongelewa kama jambo jipya, lililofungamana na mambo mengine mapya yaliyoingia katika nyumba na miili ya watu. Mwaka 1997 E. N. Kikwilu na J. F. R. Hiza walichunguza mila hiyo pamoja na mazingira ya kijamii yanayoichochea. Na bado mwaka 2015 watafiti wa Tanzania walikuwa wakichapisha makala juu ya magonjwa ambayo watu wazima wanayahusisha kimakosa na meno ya nailoni. Kati ya Pindborg na makala hiyo ya mwisho kuna miaka 46. Hatukukosa taarifa.

Nini, basi, kilikosekana? Jibu la haraka, ambalo nimelisikia katika warsha nyingi za maofisa, ni kwamba wananchi ni wajinga na wameshikilia mila. Jibu hili lina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba watu wenyewe hawakuiona kama mila. Jina lenyewe linatuambia: plastiki na nailoni si vitu vya mababu. Kasoro ya pili inatupeleka mbali kidogo na Kagera, nami naomba uvumilivu, kwa maana bila safari hii tutaendelea kudhani kwamba kuogopa meno ya mtoto ni maradhi ya Waafrika.

Katika maandishi ya tiba ya Wayunani yanayohusishwa na jina la Hippocrates, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, imeandikwa kwamba mtoto anapoota meno hupata homa, degedege na kuhara, na jino linalotajwa kuwa la hatari zaidi ni chonge. Chonge yenyewe! Mwanamke aliyenifumbua kinywa njiani alikuwa, bila kujua, amesimama katika mstari mmoja na baba wa tiba ya Ulaya. Karne ya 16 daktari wa upasuaji wa Ufaransa, Ambroise Paré, alishauri ufizi uchanwe ili jino lipite. Karne ya 18 John Hunter wa London, mmoja wa waasisi wa upasuaji wa kisayansi, aliuchana ufizi wa mtoto mmoja mara nyingi kama ilibidi. Katika Uingereza na Wales, mwaka 1839, msajili wa vifo aliandika kwamba watu 5,016 walikufa kwa sababu ya kuota meno. Karibu wote, bila shaka, walikuwa watoto wachanga waliouawa na maradhi mengine ambayo daktari hakuyatambua. Jino lilikuwepo tu mahali pa tukio, likakamatwa.

Hawa hawakuwa wanakijiji wasiosoma. Walikuwa mabingwa wa zama zao, wenye vyuo, vyama na majarida. Kosa lao na kosa la mganga wa kijijini kwetu ni moja: mambo mawili yakitokea pamoja, moja hudhaniwa kuwa limelizaa jingine. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na kisu cha fedha badala ya spoku.

Ulaya iliachanaje na jambo hilo? Hapa ndipo historia inapotufaa, kwa sababu njia zilikuwa mbili na hazilingani. Njia ya kwanza ilikuwa kuondoa bidhaa sokoni. Madaktari walipopunguza kuchana fizi, wazazi wengi walikuwa wanatumia unga wa kutuliza meno uliokuwa na zebaki ndani yake. Watoto walipata ugonjwa wa ajabu: mikono na miguu ilikuwa na rangi ya waridi, ngozi ilibambuka, walilia bila kunyamaza, wengine wakafa. Miaka ya 1940 Josef Warkany, daktari wa Cincinnati, aliuhusisha ugonjwa huo na zebaki. Nchini Uingereza unga huo uliondolewa sokoni mwaka 1954, na ugonjwa ukatoweka karibu kabisa. Hakuna mama aliyehitaji kuelimishwa. Duka liliacha kuuza.

Nakiri kwamba mfano huu unaisumbua hoja yangu, na wanafunzi wangu hawaachi kunikumbusha. Kama kuondoa bidhaa sokoni kwaweza kumaliza tatizo, kwa nini tuhangaike na elimu? Jibu langu ni kwamba unga wa zebaki ulikuwa na kiwanda, lebo na mwenye duka. Spoku ya baiskeli haina kiwanda cha kufungiwa. Mganga akikamatwa, kazi huhamia nyuma ya nyumba na usiku, na mama hatasema lolote zahanati hata kama mtoto anavuja damu, kwa kuogopa kushtakiwa. Katazo linalomfanya mgonjwa anyamaze ni hatari kuliko kosa lililokatazwa.

Njia ya pili ilikuwa ndefu. Ilianza kwa madaktari wenyewe kuelimishwa, jambo ambalo tunalisahau mno. Kabla ya mama wa London kuacha kuamini kwamba meno huua, ilibidi daktari wake aache kuliandika kwenye cheti cha kifo. Sambamba na hilo, tangu mwaka 1862 huko Manchester na Salford, wanawake walitumwa nyumba kwa nyumba kuzungumza na akina mama juu ya usafi na malezi. Mwaka 1907 St Pancras, London, ikafunguliwa shule ya akina mama, mahali ambapo watoto walipimwa uzito na mama akafundishwa huku mtoto yuko mapajani. Kulikuwa na dharau nyingi katika kazi hiyo, ya matajiri kuwafundisha maskini namna ya kuishi bila kuwapa mishahara ya kuishi. Hata hivyo jambo moja walilipata: elimu ilimfuata mama mahali alipo, na ikamkuta akiwa na mtoto mkononi.

Sisi nasi tuliwahi kulipata. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio pamoja, wakasoma kijitabu, kisha wakajadili. Neno la maana hapo ni kujadili. Redio haikuwa mwisho wa somo. Baada ya matangazo kiongozi wa kikundi aliuliza: hapa kwetu hali ikoje, na tufanye nini? Watu wakaondoka wakachimba vyoo. Unaweza kuikosoa kampeni hiyo kwa mengi, pamoja na kuwa ilibebwa na chama na kwamba si kila choo kilichochimbwa kilitumika, lakini ilimchukulia mkulima kama mtu mwenye kufikiri.

Miaka kumi baadaye hali ilikuwa nyingine. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha na deni lake limebaki. Fedha za kigeni hazikuwapo. Zahanati zilikuwa na mhudumu, benchi na rafu tupu, mpaka mpango wa dawa muhimu ulipoanza mwaka 1983 kupeleka makasha ya dawa vijijini kwa msaada wa Denmark. Mhudumu asiye na dawa, mwenye foleni ya watu 80, hana muda wa mazungumzo, na mara nyingi karipio ndilo pazia analolitumia kuficha umaskini wa serikali yake. Mwaka 1993 ukaja uchangiaji wa gharama katika hospitali za umma. Elimu ya mgonjwa ikageuka kuwa bango ukutani: picha ya mtoto anayecheka na maneno ya amri. Kwa habari ya kinywa, nchi ilikuwa na mpango wa taifa tangu 1988, lakini daktari wa meno ndiye mtu wa mwisho ambaye mama wa kijijini angekutana naye, ikiwa angekutana naye kabisa. Mimi mwenyewe nilichelewa miaka 30.

Linganisha sasa maneno yaliyomfikia mama yangu. Mganga alimuuliza: mtoto ameanza lini, anatapika nini, ananyonya? Kisha akamwonyesha. Zahanati ilimuuliza: kwa nini umechelewa? Nilipomwambia mama kwamba kile kilichotolewa kilikuwa jino changa, alikaa kimya, akasema neno ambalo sijalikuta katika mwongozo wowote wa elimu ya afya: "Mbona hakuna aliyeniambia kwamba jino huanza likiwa laini?"

Somo zima lilikuwa hapo. Halikuhitaji fedha za wafadhili. Lilihitaji mtu aliyejua kwamba mama ameona kitu halisi, kwamba macho yake hayakumdanganya, na kwamba kinachohitaji kusahihishwa ni maelezo ya kile alichokiona. Mwalimu anayeanza kwa kusema "hakuna kitu kinachoitwa meno ya plastiki" amepoteza darasa katika sentensi ya kwanza, kwa sababu nusu ya wanawake waliokaa mbele yake wamekishika kitu hicho kwa mikono yao. Anapaswa kuanza kwa kusema: mlichokishika ni jino, na nitawaeleza kwa nini lilikuwa laini. Kisha aeleze kuhara kunatoka wapi, na jinsi ya kumpa mtoto maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo sahihi, kwa maana anayemnyang'anya mama tiba aliyoiamini bila kumpa nyingine amemwacha mikono mitupu saa nane za usiku.

Mahali pa kulifundisha tunapo, na tumekuwa napo kwa miongo kadhaa. Kliniki ya mama na mtoto ndiyo shule kubwa kuliko zote nchini, na mahudhurio yake huyawezi kuyapata katika mkutano wowote wa kisiasa. Mtoto huja kupimwa uzito na kuchanjwa. Lakini tazama kadi ya kliniki: chanjo za mwanzo humalizika mtoto akiwa na miezi mitatu na ushee, na ya surua hufuata akiwa na miezi tisa. Katikati ya chanjo hizo mbili ndipo fizi huvimba, uji huanza na kuhara hubisha hodi. Wapo akina mama wanaokuja kupima uzito kila mwezi. Wapo wengi wanaongoja chanjo ijayo. Katika nafasi hiyo mama hubaki peke yake na jirani zake. Dakika tano za kuzungumzia fizi, siku ya ile chanjo ya mwisho ya mwanzo, zingemkuta kabla ya hofu haijamkuta.

Watumishi wa umma wanaosoma hapa wataniambia kwamba dakika tano hazipo. Najua. Muuguzi mmoja anayehudumia watoto 60 asubuhi moja hana dakika tano za kumpa kila mama, na ndiyo maana nasema suala hili ni la bajeti na la ajira kabla halijawa la mila. Tunapopanga ikama ya kituo cha afya tunahesabu sindano zitakazochomwa na vidonge vitakavyotolewa, na muda wa kuzungumza hauhesabiwi mahali popote, kwa hiyo haupo. Kisha mtoto anapoletwa na ufizi uliooza, tunaita mkutano na waandishi wa habari kulaani imani potofu.

Mwaka jana nilimsindikiza mdogo wangu na binti yake wa miezi minne katika kituo kimoja cha afya. Mama yetu alikuja pia. Muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, baada ya kumaliza chanjo aliwakusanya akina mama kumi na wawili kwenye benchi la nje. Hakuleta bango. Aliwaambia wanawe mikono, kisha kila mmoja apitishe kidole taratibu juu ya ufizi wa chini wa mtoto wake, mbele, halafu pembeni. "Mnasikia kitu?" aliuliza. Wengine walisikia, wengine hawakusikia. "Hapo pembeni patavimba na kuwa peupe. Siku hiyo mtakuja mniambie, hata kama mtoto haumwi."

Mama yangu aliomba apewe mtoto. Alipitisha kidole chake kwenye ufizi wa mjukuu, akakiacha pale pembeni upande wa kushoto kwa muda, kisha akamuuliza muuguzi litachukua miezi mingapi kuwa gumu.